Makovu Matano

Kabla ya alfajiri, Mama Tshiela alisikia kifuniko cha sufuria kikiinuliwa jikoni. Kilikuwa kifuniko chepesi cha alumini, kimepinda ukingoni tangu siku kilipomponyoka, na kila kilipoinuliwa kilitoa mlio mwembamba kama mtu anayefyonza meno. Mama alibaki kitandani, macho wazi gizani, akasikiliza. Ndani ya sufuria ile kulikuwa na bukari ya jana, ugali wa mahindi, tonge moja kubwa alilosahau kumpa mbwa wa jirani. Kosa lilikuwa lake. Katika nyumba yenye mtu anayefunga, bukari hailazwi jikoni.

Akangoja sauti ya kutafuna. Haikuja. Kifuniko kilirudi polepole mahali pake, na nyayo nzito za binti yake zikaburuta ndala kurudi chumbani. Kitanda kikalalamika, halafu kimya.

Kulipopambazuka alikwenda kutazama. Tonge lilikuwa zima. Juu yake palikuwa na kishimo cha kidole. Blandine alikuwa amelibonyeza tu, kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala, akaliacha. Mama Tshiela alilichukua akalitupa nyuma ya choo. Kisha asubuhi ile alimpa binti yake supu katika bakuli la wageni.

Ilikuwa siku ya tisa kati ya kumi na nne. Daktari wa Lubumbashi alikuwa amesema waziwazi: kabla ya kukatwa tumbo, wiki mbili bila bukari, bila mkate, bila mafuta, bila sukari. Supu nyembamba, matango, ute wa yai, maji. Ini la Blandine lilikuwa limejaa mafuta na kulilalia tumbo kama kuku anayeatamia. Lisiponywea, visu havitapata njia. Akampa na chombo cha plastiki chenye vigololi vitatu, avivute juu kwa pumzi mara kumi kila saa, ili mapafu yajifunze kazi.

Blandine alikuwa na miaka thelathini na minne na kilo mia moja arobaini na moja. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshaviua vidole viwili vya mguu wake wa kushoto. Ukivichoma sindano, havisikii. Usiku pumzi yake ilikuwa ikikatika, na Ntambwe, mumewe, alikuwa akilala nusu usingizi, kiganja juu ya mgongo wa mkewe, ili amtikise pumzi ikisimama. "Akibaki hivi, miaka mitano," daktari alisema. "Labda sita."

Basi akaja kufungia kwa mama yake, mtaa wa Kapata, Kolwezi, katika nyumba ya kampuni ambayo marehemu baba yake aliwaachia pamoja na kofia yake ngumu ya mgodini, ambayo bado ilining'inia kwenye msumari sebuleni. Majirani waliambiwa kwamba Mama anaumwa mguu na binti amekuja kumuuguza. Mguu wa Mama Tshiela ulikuwa mzima kabisa. Lakini kila mtu alipopita mbele ya ua alijikumbusha kuchechemea, na mara nyingine alisahau ni mguu upi.

Siri ile ilizaliwa kanisani, siku ya Pasaka. Blandine alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katika safu ya wamama wa kwaya, na katikati ya maombi miguu ya kiti ikafunguka pande nne, akaanguka chini kwa kishindo. Kiongozi wa kwaya alikuwa Domitille, dada mkubwa wa Ntambwe, mwanamke mwembamba mwenye sauti inayofika mbali. Hakungoja amina.

"Muangalie!" alisema. "Kamiyo inamwanga muzigo!"

Kanisa zima likamcheka yule lori aliyemwaga mzigo. Pasta naye alicheka, akajifanya anakohoa. Aliyekuja kumshika Blandine mkono alikuwa mtu mmoja tu, Abigaëlle, muuza mandazi, msichana ambaye hata hakuwa na nafasi katika kwaya. Mama Tshiela hakulisahau tendo lile, wala hakukisahau kicheko.

"Mama, batu bakijua balinikata tumbo, batasema nini?" Blandine alimwuliza. "Batasema nilishindwa kufunga kinywa yangu, nikaenda kuifungisha kwa munganga wa hospitali. Domitille atatunga wimbo. Uape."

"Binti yangu, mi mama yako. Juu ya nini niape?"

"Uape."

Mama Tshiela aliweka kiganja juu ya kofia ya mumewe, akaapa kwamba neno la operesheni halitatoka kinywani mwake. Ntambwe naye aliapa, kwa namna yake, huko nyumbani kwao, mtaa wa Manika.

Ntambwe alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa mama mkwe wake hakuwa na neno lolote, kwa sababu desturi haikuruhusu. Kwa watu wa Kasai kama wao, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, wala mmoja haoni mwingine akila. Kwa miaka kumi na mmoja Mama Tshiela hakuwahi kumwona Ntambwe akitafuna. Alimjua kwa mambo mengine. Alimjua kwa kikohozi nje ya ua, na kwa gunia la makaa lililobaki mlangoni baada ya kikohozi. Msimu mmoja wa mvua alirudi kutoka kanisani akakuta paa halivuji tena. Alipoinua macho akaona misumari mipya. Hakuna aliyejitaja. Siku ile alimwombea mkwe wake kwa jina, kimoyomoyo.

Mwezi wa sita, baridi ya kiangazi ikiwa kali, walikwenda Lubumbashi wote watatu. Watu waliambiwa kwamba mama na binti wamekwenda Mutshatsha kumtazama shangazi mgonjwa. Ntambwe aliuza gari lake la kazi, akasema linakula mafuta mno.

Operesheni yenyewe haikufika saa mbili. Muuguzi aliyeitwa Marlène, mwanamke mwenye mikono ya joto, alimweleza Mama Tshiela kwa subira, kama anayemfundisha mtu kushona.

"Mama, siku hizi hatufungue mulango. Tunapita mu madirisha. Madirisha tano tu. Sehemu kubwa ya tumbo inatoka, inabaki kama ndizi moja. Alama zitakuwa kama maharagi. Bwana yake mwenyewe atazisahau."

Jioni ileile walimwinua Blandine atembee ukumbini, ili damu isigande miguuni. Alilia kwa maumivu ya bega, ambako hewa waliyomjaza tumboni ilikuwa imepanda. Upande mmoja alimshika Marlène, upande mwingine Ntambwe, na Mama Tshiela alifuata nyuma akiutazama ukuta. Usiku Ntambwe alilala sakafuni nje ya mlango, na kila mama mkwe alipopita kwenda msalani, yeye aligeuza uso asimwone.

Kupona kulikuwa kazi ya kijiko. Marlène alimfundisha: supu ichujwe mara mbili kwa kitambaa safi, kijiko kidogo, kisha uhesabu hadi sitini, ndipo kijiko kingine. Kikombe cha chai kimalizike kwa nusu saa. Ukiharakisha, anatapika, akitapika, nyuzi za ndani zinavutika. Waliporudi Kapata, katika wiki zile mbili za kwanza, Mama Tshiela alihesabu sitini mara nyingi kuliko alivyowahi kusema Baba Yetu. Alijifunza kumsikiliza binti yake koo: likimeza vizuri linatoa mlio mmoja mfupi, likikataa linatoa miwili.

Siku moja Blandine alisukuma kijiko supu ikamwagika kitandani. "Niko na njaa ya kutafuna, Mama! Si njaa ya tumbo. Ya meno!" Mama Tshiela alibadilisha shuka, akachuja supu nyingine.

Kabla ya kurudi kwa mumewe, Blandine alikusanya karatasi zote za kliniki, picha, risiti, barua ya daktari, akazitia kwenye mbabula, lile jiko la makaa. Mama Tshiela aliona muhuri wa kliniki ukikunjamana na kuwa mweusi. Moto ule ndio uliopasha supu ya siku ile.

Sasa, wakati wao wako Lubumbashi, jambo lilitokea huku Kolwezi. Ntambwe alikuwa na shimo pembezoni mwa mji, na wachimbaji watano walioshuka ndani yake wakimwita PDG, kama wachimbaji wanavyowaita wenye mashimo. Kwa miezi minane walikuwa wakitoa mawe matupu. Wiki ileile Blandine alipokatwa, Banza, mchimbaji mkubwa wao, aliligonga jiwe jeusi, zito, lenye kobalti nyingi, na mshipa ule haukuisha. Ntambwe alirudi akakuta vijana wake wakicheza. Alimshukuru Mungu mbele ya kanisa zima, na hakuona ubaya wowote.

Mwezi wa nane Blandine alikuwa na kilo mia moja kumi na tisa. Mwezi wa kumi, mia moja na tano. Sukari ilishuka mpaka daktari akamwachisha vidonge. Alilala usiku kucha bila kukoroma, na Ntambwe, ambaye mkono wake ulikuwa umezoea kukesha, aliamka na kumsikiliza akipumua tu. Lakini nywele zilimtoka mafungu kwa mafungu, kama daktari alivyoonya, ngozi ya shingo ikalegea, na mashavu yakaingia ndani. Mezani mwa watu alikula vijiko vitatu akaweka mkono mdomoni.

Kwanza watu walisema ni ule ugonjwa usiotajwa kwa jina. Kisha, siku ya kupima kikwembe kipya, kitenge cha sare ya kwaya, Domitille alishika nguo ya Blandine kiunoni akaikunja mara mbili mbele ya wamama wote.

"Shemeji, nyama yako inaenda wapi?"

"Ninapunguza kula."

"Unapunguza kula, na bwana yako anaongeza pesa." Domitille aliachia kitambaa. "Wamama, muhesabu na miye. Mwezi ya sita shimo inapata jiwe. Mwezi ya sita huyu anaanza kuisha. Muke anakonda, shimo inanenepa!"

Wamama walicheka, kisha wakaacha kucheka, na huko kuacha ndiko kulikuwa kubaya. Hakuna mtu wa Kolwezi asiyezijua habari zile: mtu anayetoa ndugu yake kwa ardhi ili ardhi imtolee jiwe. Mama Tshiela mwenyewe aliwahi kusimulia habari ya namna hiyo juu ya jirani mmoja wa Kapata, zamani, akikaanga karanga, kwa raha ya kusimulia tu. Jirani yule alihama. Sasa alimkumbuka, na hakuweza kukumbuka jina la mkewe.

Alikwenda Manika akamsihi binti yake. "Useme tu. Useme ni munganga."

"Batacheka."

"Kicheko haiue mutu."

"Mama," Blandine alisema bila hasira, "we haukuanguka na kiti."

Mvua zilianza. Wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja, siku ya Alhamisi, ukuta wa shimo ulilainika ukamshukia Hénock, mdogo wa wale wachimbaji watano, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa akiimba akichimba. Banza alimfukua kwa mikono yake. Walipomtoa, kinywa chake kilikuwa kimejaa udongo.

Jumamosi vijana walilibeba jeneza kwenda makaburini. Kwenye njia panda jeneza likakataa. Ndivyo wanavyosema wabebaji: maiti hukataa njia, huwavuta mabegani kuelekea kwa aliyemuua. Jeneza la Hénock liliyumba kushoto, likarudi nyuma, kisha likawakimbiza vijana moja kwa moja mpaka ua wa Ntambwe, Manika, na nyuma yake mtaa mzima.

Saa nne asubuhi. Mama Tshiela alikuwa jikoni kwa binti yake akiponda samaki laini kwa uma. Alisikia nyimbo, kisha akasikia nyimbo zikikatika.

"PDG! Utoke!" Ilikuwa sauti ya Banza.

Ntambwe alitoka, mikono wazi. "Banza, ndugu yangu. Hénock alikuwa mutoto yangu. Tumulilie pamoja."

"Tutalia nyuma. Kwanza ujibu. Muke yako anaisha juu ya nini?"

"Hayo ni mambo ya nyumba yangu."

"Nyumba yako inakula batu! Useme, nani anamukula?"

Ntambwe aligeuka akatazama dirisha. Nyuma ya pazia alisimama Blandine. Mama Tshiela, akichungulia kutoka mlango wa jikoni, aliyaona yote mawili: mume akiuliza kwa macho, na mke akitikisa kichwa, hapana. Ntambwe akawageukia watu.

"Siwezi kusema," alisema. "Nilimuahidi."

"Alimuahidi!" Domitille alipiga makofi katikati ya umati. "Mulisikia? Beye babili balipatana! Muke njo aliuza mafuta yake, akamupa bwana jiwe!"

Jiwe la kwanza lilimpiga Ntambwe juu ya jicho. Halikuwa kubwa. Aliligusa, akatazama vidole vyake, na hakukimbia wala hakufumbua kinywa.

Hapo Mama Tshiela alitoka. Alipita uani na uma mkononi, akasimama mbele ya mkwe wake, karibu mno, karibu kuliko mwanamke wa Kasai anavyoruhusiwa, mgongo wake ukigusa kifua chake.

"Mumuache!" alisema. "Binti yangu balimupasua. Ni munganga wa Lubumbashi. Balimutoa tumbo, hawezi kula. Njo maana anaisha. Basi! Njo maana tu!"

Mikono iliyoshika mawe ilishuka. Kwa muda wa pumzi moja aliamini kwamba amemwokoa.

"Lubumbashi?" alisema Domitille. "Mwezi ya sita ulituambia Mutshatsha. Kwa shangazi mugonjwa."

"Nilidanganya. Binti aliniomba."

"Na mwezi ya tano uliumwa mguu. Ni mguu gani, mama? Mi nilikuona ukichechemea na yote mibili."

Watu walicheka, hata siku ile, mbele ya jeneza.

"Karatasi iko wapi?" aliuliza Banza. Hakuwa akidhihaki. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka sana kuonyeshwa karatasi.

"Zilichomwa."

"Basi tuonyeshe alama. Mutu akipasuliwa, alama inabaki."

Mama Tshiela aliingia ndani. Blandine alikuwa bado nyuma ya pazia, mikono imepishana juu ya tumbo.

"Mama, apana. Uliapa. Kwa kofia ya Tata."

"Batamuua, mutoto yangu."

"Nitasema mwenyewe. Niache niseme kwa kinywa."

Lakini nje walikuwa wamemshika Ntambwe shati, na Mama Tshiela hakungoja. Alimvuta binti yake kwa mkono mpaka barazani, na pale, mbele ya wanaume wa mgodini, wamama wa kwaya na maiti ya Hénock, alimwinulia blauzi mpaka chini ya maziwa. Tumbo lililoning'inia kama mfuko mtupu lilitoka kwenye mwanga. Na juu ya ngozi ile, makovu matano, meusi, madogo, yamepangwa vizuri. Kama maharagwe.

Kisha mama mmoja mzee mbele alisema taratibu, "Hapana. Mi balinipasua mara mbili kwa kuzaa. Operesheni inaacha alama kama reli ya Dilolo. Tumbo ya mutu mukubwa itatoka mu tundu kama hii?"

"Hizi ni chale," mwingine alisema. "Hizi ni chale za nganga wa uchawi."

Banza alikuwa amesogea. Alinyoosha kidole, bila kumgusa Blandine, akahesabu kwa sauti ndogo. Moja. Mbili. Tatu. Ine. Tano. Akarudia. Halafu akawatazama wenzake watatu waliolibeba jeneza.

"Mu shimo," alisema, "tulikuwa batano."

Kovu moja lilikuwa kubwa kuliko mengine, la tundu ambamo tumbo lilitolewa. Banza alilionyesha.

"Hii njo ya Hénock."

Blandine alisema, "Ni kweli, ni munganga, ulizeni Lubumbashi," alirudia mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, na hakuna aliyemsikia.

Yaliyofuata hayakuchukua muda mrefu. Mama Tshiela alirudi mbele ya Ntambwe, na Banza mwenyewe ndiye aliyemwondoa. Alimshika kiwiko kwa upole, kama mtu anayemvusha mama yake barabara, akampeleka hadi ukutani, akamketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mama, mukae hapa, mutaumia," alimwambia. Kisha akainama, akachukua tofali, akarudi.

Abigaëlle alikuja mbio, sinia la mandazi limeachwa barabarani, akavua kikwembe chake cha juu akamfunika Blandine tumbo, akamwingiza ndani. Domitille alikuwa akipiga kelele, sasa kwa sauti nyingine, "Ni ndugu yangu! Mi nilisema juu ya muke! Nilisema juu ya muke tu!" Mtu alimsukuma akaanguka chini, akapotelea katikati ya miguu.

Polisi walipokuja, uani mlibaki watu wachache. Ntambwe alikuwa amelala kwa ubavu, taya limeondoka mahali pake. Hénock naye alikuwa ameachwa. Jeneza lilikuwa juu ya ardhi karibu na kamba ya nguo, bila mtu, na Abigaëlle aliketi pembeni yake mpaka jioni, akifukuza nzi, kwa kuwa aliona vibaya kijana abaki peke yake.

Siku ya pili Blandine alifika hospitalini amejitanda uso. Alisimama mlangoni mwa chumba cha wanaume, akamtazama mumewe amelala, taya limefungwa kwa waya, jicho moja limefumba. Hakuingia. Wachimbaji walikuwa wametuma neno kwamba akionekana Kolwezi hataondoka na makovu matano tu. Shangazi wa baba yake alikuwa Dilolo, mpakani, ambako hakuna aliyemjua alipokuwa mnene.

Ukumbini Mama Tshiela alitaka kumshika mkono. Blandine aliurudisha.

"Yeye balimupiga mawe, akanyamaza," alisema. "We hakuna hata jiwe moja ilikugusa, Mama. Ukanivua mbele ya batu."

"Nilitaka kumuponyesha."

"Najua. Njo inaniumiza." Alivuta kitambaa usoni. "Dilolo usikuye kunitafuta."

Akaenda, akitembea wepesi kwa miguu yake mipya. Mama Tshiela alimsikiliza mpaka ngazi za mwisho. Pumzi yake haikukatika hata mara moja.

Ntambwe hakuwa na mtu. Domitille alituma chakula siku ya kwanza, bukari na nyama, kwa mtu mwenye taya la waya; kisha hakutuma tena, labda kwa aibu, labda kwa hofu. Muuguzi wa zamu alisema mgonjwa anahitaji vitu vyepesi, vilivyochujwa, na mtu wa kumlisha polepole.

Mama Tshiela alirudi Kapata. Alichemsha kuku, akachuja mara mbili kwa kitambaa kilekile. Kofia ya mumewe ilikuwa msumarini. Alipita mbele yake bila kuinua macho.

Hospitalini alivuta kiti karibu na kitanda, akakigeuza, akaketi uso ukielekea ukutani na bega likielekea kwa mkwe wake. Desturi ilikuwa imevunjika tayari, alijua, lakini kilichobaki alitaka kukitunza. Alijaza kijiko, akakipeleka kando bila kutazama, mpaka akahisi ukingo wake umegusa waya. Akainua kidogo. Akasikiliza.

Mlio mmoja, mfupi. Imepita.

Alihesabu hadi sitini, midomo ikitembea. Kijiko cha pili. Mlio mmoja. Wagonjwa wengine walimtazama mzee yule anayelisha bila kuangalia, na mmoja akataka kucheka, mwenzake akamkanya.

Kwenye kijiko cha kumi na moja alisema, akiuambia ukuta, "Ungesema tu, tangu mwanzo. Bangecheka, ingekwisha."

Maneno yalimtoka Ntambwe katikati ya meno yaliyofungwa, moja moja, kama vigololi vya kile chombo cha pumzi.

"Alilia sana, siku ya kiti," alisema. "Mi nilimwona. Nikamuahidi."

Mama Tshiela alihesabu sitini, akapotea, akaanza tena. Aliyatafuta maneno ya kuomba msamaha kwa mtu ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakumsemesha, na hakuyapata, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha maneno ya namna hiyo. Badala yake alimlisha. Kikombe kilimalizika kwa nusu saa kamili. Alipangusa kijiko, akafunga kopo, akakunja kitambaa, akasimama, bado amempa mgongo.

Alikuwa amefika mlangoni aliposikia kikohozi, kilekile cha nje ya ua, ila sasa kilikuwa kinamwuma mwenye kukitoa. Akasimama.

"Mama," Ntambwe alisema nyuma yake. "Kesho mukuye tena."